Mwendo wa Majiji Matatu

Habari ya kufa kwa Yusta ilinikuta bafuni, nikiwa nimemshika bibi mmoja wa Kigiriki asiyeweza kusimama mwenyewe, maji ya uvuguvugu yakinimwagikia viatuni. Simu ilitetemeka mfukoni mwa sare yangu, na wakati huohuo kile kidude tunachovaa shingoni kazini kikalia kunikumbusha kwamba muda wa kumwogesha huyu umekwisha na mwingine ananingoja. Nyumba yetu ya wazee ipo Parramatta, hapa Sydney. Humo kila kuoga, kila kulishwa na kila kupelekwa chooni kumepangiwa dakika zake na mtu ambaye hajawahi kumvua mzee soksi. Nilikizima kidude, nikamfuta bibi mgongo taratibu, nikamvika, nikamkalisha karibu na dirisha, ndipo nikasoma ujumbe wa binti yake Yusta kutoka Dodoma: "Mama mkubwa, mama ametutoka leo. Alilala tu." Nikasimama kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu na supu ya jana, nikasubiri machozi. Hayakuja. Kilichokuja ni kichefuchefu, kwa sababu juu kidogo ya ujumbe ule, kwenye simu ileile, kulikuwa na tangazo nililotumiwa na kina mama wa kanisani asubuhi, na kwenye tangazo lile alikuwa amesimama Gadi.

Alivaa suti ya rangi ya maziwa, mikono ameitandaza, na nyuma yake wamebandika picha za maghorofa ya Marekani. Kichwa cha tangazo kilisema: KASI YENYE BARAKA: SIRI ZA MAJIJI MAKUBWA. Mchungaji Gadi, aliyeishi na kuhudumu Los Angeles, Chicago na New York, angezungumza na vijana wa Kiafrika wa Sydney, Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa Guildford, umbali wa kutembea kutoka kwangu. Chakula kitakuwepo. Niliitazama picha ile mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama naumwa. Mimi, Yusta na Gadi tuliizunguka Marekani pamoja, katika gari moja, tukiimba katika kwaya moja. Majiji hayo matatu ndiyo tuliyoyapitia mwaka ule, na kama yana siri, naijua. Nikamtumia Gadi habari ya msiba. Alinijibu kwa kipicha cha mikono miwili imeunganishwa kama ya mtu anayesali. Neno hata moja hakuandika.

Tulikuwa wanane, vijana wa kwaya za Dodoma, tuliochaguliwa na Mmarekani mmoja aliyeitwa Harlan. Alikuja na kamera na kanda za kurekodia, akatusikiliza siku nzima akiwa amefumba macho, halafu akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo tumwite Baba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa na baba yangu, lakini nilimwita hivyo, na leo nikilikumbuka neno lile likitoka mdomoni mwangu natamani kusukutua. Mpango ulikuwa kuzunguka makanisa ya Marekani mwaka mzima, tukiimba kwa ajili ya kujenga shule kwetu. Shule ile sikuiona, wala sijakutana na aliyeiona. Pasipoti zetu alikaa nazo yeye, ndani ya mkoba wa ngozi uliolala chini ya kiti chake cha udereva, kwa usalama wetu, alisema.

Los Angeles ndiyo ilikuwa ya kwanza. Tulifikia kwenye nyumba iliyo kilimani, yenye bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyeogelea, na makochi meupe yaliyolaliwa na mbwa wawili. Mbwa hao walilamba sahani baada ya chakula, na sahani zilezile zikaingizwa kwenye mashine ya kuoshea mbele ya macho yetu. Kesho yake nilikula ndizi tu. Mama mwenye nyumba alikuwa na sauti laini kama mtu anayembembeleza mtoto asinzie. Neno lake kubwa lilikuwa "taratibu". Taratibu, hamna haraka. Kunyweni maji. Pumueni. Jiji zima lilikuwa hivyo: jua halikuisha, kila mtu alitabasamu, na kila mtu alikuwa peke yake ndani ya gari lake, kwenye msururu wa magari usiosogea, akila mkate uliofungwa kwenye karatasi. Watu wa pale hawakukataa kitu. Ukiomba jambo, wanalipokea kwa mikono miwili, wanakwambia ni wazo zuri sana, halafu hulisikii tena.

Yusta alianza kubadilika katika nyumba ile. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, kwenye chumba chenye mapazia ya rangi ya waridi na harufu ya mishumaa ya vanila iliyotukaba koo. Nilihisi godoro likitetemeka nikadhani ni tetemeko la ardhi, maana tulikuwa tumeonywa kuhusu matetemeko. Ilikuwa ni mikono yake. Alitoka jasho akiwa amekaa kivulini. Alikula sana kuliko sisi wote, hata majani mabichi yale waliyotuwekea kama tuliofugwa, na bado gauni la kwaya lilimpwaya wiki hadi wiki. Asubuhi moja alinichukua mkono akauweka kifuani kwake. "Sikiliza," alisema. Moyo wake ulikuwa unakimbia kama wa kuku aliyeshikwa. "Hivi ndivyo ulivyo toka nimeamka. Sijafanya kazi yoyote, Tabitha. Nimelala tu."

Nilimwambia mama mwenye nyumba, kwa Kiingereza changu cha shuleni, kwamba dada yangu anahitaji daktari. Alinishika mashavu. Akasema ni wasiwasi wa safari, akamtengenezea Yusta chai ya maua, akamfundisha kuvuta pumzi kwa kuhesabu, akawaita marafiki zake wakaja wakamwekea mikono wakalia. Walilia upesi sana wale wanawake, na walifuta machozi upesi vilevile, wakatoka kwenda kunywa juisi ya barafu kando ya bwawa. Mimi nilikuwa jikoni nikisuuza vikombe, dirisha limefunguka, nikamsikia mwenyeji wetu akiwaambia: "Ninachokipenda kwao ni kwamba hawana habari na saa. Wametulia kabisa. Tungejifunza kwao." Wenzake wakaitikia kwa mguno wa raha. Juu yetu, kwenye chumba cha mapazia ya waridi, yule aliyetulia kabisa alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi ukutani kwa sababu mwili ulimkatalia kukaa. Tulikaa Los Angeles majuma mengi kwa ulaini ule. Mpaka leo mtu akinishika shavu na kuniambia nisiwe na haraka, huenda kunawa uso.

Chicago tulifika baridi imeanza. Pale tulilazwa chini ya kanisa, kwenye chumba kisicho na dirisha ambamo mabomba ya maji moto yalipita darini na kugonga kama mtu anayetaka kutoka. Wenyeji walikuwa mtu na mkewe, wazee wanyoofu, na kwenye mlango wa jokofu lao kulikuwa na kalenda yenye visanduku vilivyojaa mwandiko mdogo. Chakula kilikuwa na saa yake. Ukichelewa unakuta meza imefutwa na mama yule amekaa, mikono juu ya mapaja, akikusikitikia. Walipenda kutupikia tambi zilizochanganywa na samaki wa kopo, juu yake wamemwaga vibanzi vya viazi vya pakiti, kisha kila kitu kikaokwa mpaka kikashikana. Kila Jumatano ni hicho. Gadi alikisifia sana. Gadi alijua kusifia. Alijifunza Kiingereza kwa kusifia, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa anakaa kiti cha mbele kando ya Baba Harlan, akishika ramani.

Lakini sitawasingizia wazee wale. Nilipowaonyesha shingo ya Yusta, ambayo sasa ilikuwa imevimba mbele, na macho yake yaliyoanza kutokeza kama ya mtu aliyeshtuliwa, yule mzee alivaa miwani, akapiga simu palepale, akazungumza kwa adabu, akatuandikia kwenye kalenda. Aliandika kwenye ukurasa mwingine. Daktari angemwona mwezi ujao. "Lakini mwezi ujao hatutakuwa hapa," nikasema. Mzee akaigeuza kalenda mbele, akaigeuza nyuma, akaonekana kuumia kwelikweli. "Ndiyo nafasi iliyopo," alisema. Ulikuwa mji wa watu wema ambao wema wao ulisubiri zamu. Nilimfuata Baba Harlan. Nilimkuta yeye na mkewe wakipakia vyombo vya muziki, na kabla hawajaniona nikasikia mkewe akiuliza kama yule msichana atafika mwisho wa ziara. Harlan akajibu, bila hasira yoyote, kama mtu anayezungumzia gurudumu: "Kwao wanaumwa kila wakati. Wanaendelea kutembea, inapita. Isitoshe anaimba vizuri zaidi siku hizi. Watu wanaliona lile jicho lake wanadhani ni Roho." Nilirudi nyuma polepole. Jumapili ile nilimtazama Yusta akiimba, macho yamemtoka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na watu kwenye viti wanamnyooshea mikono wakilia, na nikajua Harlan alisema kweli. Walikuwa wakifurahia ugonjwa wake. Niliimba hadi mwisho. Nilitoka nje nikatapika kwenye theluji.

Nimekaa na mwaka ule maisha yangu yote, na kila nikisikia watu wakibishana mji upi una kasi na upi umepoa, hujiuliza kwa nini hakuna anayeuliza kasi hiyo ni ya kumfikisha nani wapi. Hapa Sydney mabishano hayo yapo kila wikiendi. Wakenya wanaofanya kazi maofisini husema mji huu umelala. Wenzetu wa Penrith, mwisho kabisa wa mji, wanaoamka kabla ya ndege ili wawahi treni, huwacheka. Kazini kwangu wanazungumza ufanisi, na wanapolitamka neno hilo hutabasamu tabasamu la yule mama wa bwawa la kuogelea. Nimewahi kuambiwa na msimamizi, msichana mwenye kucha ndefu, kwamba mimi ni mzuri ila ni mzito. Nilimjibu kwamba wazee nao ni wazito, ndiyo maana wakaletwa hapa. 

New York niliichukia tangu tulipovuka daraja. Kila mtu alipiga kelele. Tulipangishiwa ghorofa juu ya duka la kufulia nguo, ambapo mashine zilizunguka mchana kutwa na sakafu yetu ikawa na joto na unyevu kama mdomo wa ng'ombe. Taka zilirundikwa kando ya njia ndani ya mifuko myeusi, na panya walizipitia mchana bila aibu. Watu walikupiga kumbo begani wakapita. Hawakusema samahani. Mwuza mikate alinifokea kwa kuwa nilisita kuchagua. Alinitupia andazi ambalo sikuliomba akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Niliona kwamba nimefika mahali ambapo binadamu ameacha kabisa kumwona binadamu, na kwamba Yusta akifia hapa watamruka kama mfuko wa taka.

Alianguka kwenye ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi, asubuhi, watu wakienda kazini. Tulikuwa tunashuka mimi, yeye na Gadi, wengine wametangulia. Alisimama ghafla, akashika chuma cha ngazi, akaniambia kwa Kigogo jambo ambalo halikuwa na maana, akakaa, kisha akalala. Mwili wake ulikuwa wa moto kama ametolewa kwenye tanuri. Watu nyuma yetu wakaanza kufoka. Na kutoka chini akapanda mwanamke mweusi mnene mwenye sare ya kituo, naye alikuwa anafoka kuliko wote: "Nani anazuia ngazi zangu? Hamna kwenu nyinyi?" Alipomwona Yusta akanyamaza. Akakaa palepale kwenye ngazi chafu, akamwekea vidole shingoni, akainua uso akamwelekezea mwanamume wa kwanza aliyemwona, mtu wa tai na mkoba: "Wewe. Kimbia juu, piga simu, waambie moyo." Yule mtu hakuuliza swali. Aliutupa mkoba wake miguuni kwangu akapanda akikimbia. Mwanamke mwingine alivua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha Yusta, akaangalia saa, akatukana, akaondoka bila koti. Gari la wagonjwa lilifika, vijana wawili wakamfunga kwenye machela, wakamnyanyua, wakiwatukana watu wapishe, na watu wakapisha wakiwatukana wao. Yule wa tai alirudi akauchukua mkoba wake akapotea kwenye umati. Hakuna aliyenishika shavu.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana asiyenyoa, aliyeongea haraka kiasi kwamba nilimwomba arudie, naye akarudia kwa haraka ileile. Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, ikiusukuma mwili wote uende mbio. Ni ugonjwa unaotibika, alisema, ukiwahiwa. "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu California," nikasema.

Alifumba macho. Alipoyafungua, uso wake ulikuwa umejaa kinyaa, kinyaa cha wazi, kisichofichwa na adabu yoyote, na mimi niliutazama uso ule nikashukuru. Ulikuwa uso wa kwanza Marekani uliofanana na moyo wangu.

Siku ya pili gari letu lilikuwa linaunguruma mbele ya duka la kufulia nguo, mizigo imepakiwa. Tulitakiwa Boston. Niliingia nikakaa, nikiamini tunapitia hospitali kwanza, mpaka nilipoona Baba Harlan anampa Gadi ramani aangalie barabara ya kaskazini.

"Nani anabaki na Yusta?" niliuliza.

"Hospitali imejaa watu," alisema. "Wako vizuri sana. Tutampigia simu."

"Hajui Kiingereza. Akizinduka atamwona nani?"

"Tabitha, watu wa Boston wameshanunua chakula. Ratiba haimsubiri mtu mmoja. Funga mlango."

Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, na mimi ndiye niliyekaa karibu nao. Niliwaangalia wenzangu. Wote walikuwa wakiangalia magoti yao. Gadi, ambaye siku ile alikuwa amesogea kiti cha nyuma kabisa ili mke wa Harlan akae mbele, alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia: "Tabitha, usituharibie." Nimelisikia neno lile mara nyingi tangu hapo, kwa watu wengi, na kila mara lina sauti yake. Nikashuka. Sikuwa na chochote ila kitenge mabegani na pochi yenye chanuo, maana begi langu lilikuwa chini ya maspika. Nilidhani watasimama kidogo wabishane nami. Harlan alijinyoosha akauvuta mlango mwenyewe, taa ya barabarani ikawaka kijani, wakaondoka.

Yule mwanamke wa kituoni aliitwa Verna, na kwao ni Guyana. Nilirudi kwenye ngazi zake kwa kuwa sikumjua mwingine. Alinifokea kwa kushuka kwenye gari bila begi, akanifokea kwa kutovaa soksi, halafu akanichukua kwake, nikakaa kwenye kiti cha kukunjua sebuleni mpaka majira yakabadilika. Verna alikula amesimama. Alikuwa na kazi mbili na kanisa, akapiga pasi sare huku akisuka nywele za binti yake kwa mkono mwingine, naapa nimeona, na alinilaumu kila siku kwamba naosha vyombo kama mtu anayeviaga. Lakini alipita hospitali kila alipotoka kazini, akamletea Yusta wali na mchuzi wa maharage ndani ya kopo la majarini, akakaa naye akimfokea kwa lugha ambayo Yusta hakuielewa, na Yusta alikula. Mama wa ustawi wa jamii pale hospitalini, mwenye ulimi wa haraka kama cherehani, ndiye aliyempigia simu Harlan kuhusu pasipoti zetu. Sikusikia Harlan alijibu nini. Nilisikia alichoambiwa, na wauguzi walisimama kusikiliza. Pasipoti zilikuja kwa posta. Yusta alipasuliwa shingo, akapata nafuu, kanisa la Verna likatukatia tiketi, tukarudi nyumbani, ambako wazee wa kwaya walitukalisha wakatuambia tumeuvunja mlango uliofunguliwa na Mungu kwa ajili ya wote. Gadi hakurudi. Alibaki na Harlan, na baadaye akabaki bila Harlan.

Jumamosi nilienda. Niliivaa khanga aliyonitumia Yusta, nikakaa safu ya katikati. Ukumbi ulijaa: vijana waliozaliwa hapa wakisikiliza Kiswahili na kunong'onezana kwa Kiingereza, kina mama wa Kikongo waliokuja moja kwa moja kutoka kazini, na nyuma, mezani, pilau, sambusa na sombe, kisamvu cha Kikongo, vikiwa vimefunikwa kwa karatasi ya fedha. Mshereheshaji, Nelson, nesi wa Kikenya aliyempokea Gadi kwake Penrith, alitukaribisha: "Wasee, mko fiti? Hebu tupee pastor makofi." Gadi akapanda. Amenenepa vizuri. Sauti yake bado ni nzuri, hilo siwezi kumnyima.

"Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka," alianza. "Wahenga hawakuwahi kufika New York." Watu wakacheka. Akaendelea kuyapanga majiji kama mtu anayepanga nguo sokoni. Los Angeles humfundisha mtu kuota. Chicago humfundisha ratiba. New York humfundisha kutembea kama anayefukuzwa na baraka zake. "Na nyinyi wa Sydney," alisema, "nimewaona kwenye kituo cha treni. Mnatembea kama mnasindikiza maiti." Wakacheka tena. Yusta alikuwa na siku mbili kaburini. Nilishika ukingo wa kiti.

Ndipo akashusha sauti. Akasimulia kwamba wakati wa huduma yake ya kwanza Marekani, dada mmoja katika kundi aliugua, akalazwa New York, na kiongozi wao mzungu akasema twendeni, ratiba haisubiri. Gari linaunguruma. Mlango uko wazi. "Nikajiuliza, Gadi, utakimbia na dunia, au utakimbia na Mungu? Nikashuka. Sikuwa na begi. Nilikuwa na nguo nilizovaa tu." Akafuta jicho kwa kidole kimoja. "Kasi ya kweli, vijana wangu, ni kujua wakati wa kushuka." Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mwanamke aliyekaa kando yangu alikuwa analia. Mimi nilibaki nimekaa, na kile nilichokitapika kwenye theluji ya Chicago nilikisikia kikipanda upya, chenye ladha ileile.

Nilimfuata kwenye meza ya chai. Alinifungulia mikono. "Dada Tabitha. Wala hujazeeka."

"Gadi, aliyeshuka ni nani?"

Alitazama kulia na kushoto akiendelea kutabasamu. "Dada, ushuhuda una mwendo wake. Ukianza kutaja huyu alisema nini, yule alikaa wapi, vijana wanalala. Watu hawana muda."

"Wewe ulikaa kiti cha nyuma."

"Bwana anajua mioyo yetu."

"Bwana anajua, na mimi najua, na Yusta alijua mpaka wiki hii."

"Pole sana kwa Yusta. Nilikutumia—"

"Ulinitumia kipicha."

Nelson alikuja na funguo za gari mkononi, akasema pastor, ndege ya Brisbane. Gadi akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, laini, yenye unyevu, akauminya. "Tutazungumza, dada. Taratibu. Hakuna haraka." Akaenda, akipiga picha na vijana mlangoni, mmoja mmoja.

Niliingia jikoni mwa ukumbi nikafungua bomba. Mama Furaha alikuwa pale akisugua sufuria ya pilau. Ni mama wa Uvira, Kongo, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula, na wenzake waliokuwa wakimsubiri nje kwenye gari walishapiga honi ili wawahi zamu. Alinitazama nikijipaka sabuni mara ya kwanza, ya pili.

"Mama Tabitha, sababu gani unanawa hivi? Utatosha ngozi, itoke yote."

"Nimeshikwa mkono."

Honi ikalia tena. Alitoa kichwa dirishani akawaambia waende, yeye atakuja na treni. Kisha akarudi kwenye sufuria. "Ule dada mwenye kugonjwa, pasta hakusema jina yake. Alikufaka?"

"Hakufa. Aliitwa Yusta," nikasema. "Alirudi Dodoma, akaolewa na mwalimu wa hesabu, wakabishana kila siku ya Mungu. Akazaa wanne. Alifuga ng'ombe wa maziwa, akawa mkali kwa wateja mpaka wakamwogopa, lakini maziwa yake hayakuwa na maji. Hakuimba tena kanisani. Aliimba zizini. Amekufa wiki hii kitandani kwake, mnene, ana wajukuu."

"Yusta," Mama Furaha alisema. Alimwaga maji machafu, akaifuta sufuria, akaigeuza chini. "Na ule pasta, ni yeye alishuka mu motokari kweli?"

"Hapana."

"Nilijua. Mwenye kushuka hawezi kusahau jina."

Akanipa taulo nikaushe mikono, akaniwekea sahani ya chakula.